"Sistimu inaonyesha ulilipwa": kwa nini mstari wako kwenye hifadhidata ni mali yako

Kuna sentensi moja ambayo kila mtu wa Ziwa ameisikia akiwa amesimama mbele ya dirisha fulani: "Sistimu iko chini." Utaisikia kwa ajenti ukitaka kutoa pesa za kununua unga. Utaisikia hospitalini, kwa sacco, na hata kwa ofisi ya chifu siku hizi. Tumeizoea mpaka hatuulizi tena. Mtu anageuka, anatafuta mahali penye kivuli, anangoja sistimu ipande.

Lakini kuna sentensi nyingine mbaya zaidi ya hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike leo. Hiyo ni pale karani anapokuangalia machoni na kukwambia, "Mzee, sistimu inaonyesha ulilipwa."

Aliyeambiwa hivyo ni mjomba wangu. Ana ng'ombe wawili wa maziwa na ekari chache za mahindi upande wa Ziwa, kama watu wengi wa huko. Kwa miaka kadhaa amekuwa akipeleka maziwa kwa chama kimoja cha ushirika (jina nitaliacha) na akilipwa mwisho wa mwezi kwa noti, pale dirishani, anaweka sahihi anaenda. Halafu chama kikaamua kuachana na noti na kulipa kwa simu. Uamuzi mzuri kabisa, hata mimi ningewashauri hivyo. Kubeba pesa taslimu za wanachama mamia kutoka Eldoret kwa pikapu ni kuwakaribisha wezi.

Mwezi wa kwanza mjomba hakuona kitu kwa simu. Akafikiri labda wanachelewa. Mwezi wa pili pia hakuna. Shilingi 13,850 za mwezi mmoja, 14,200 za mwingine, baada ya kukatwa pesa za dawa na chakula cha ng'ombe. Jumla 28,050. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa ametumwa nyumbani kuchukua karo. Mzee akaenda ofisini, na ndipo akapewa hiyo sentensi. Sistimu inaonyesha ulilipwa.

Akanipigia simu. "Wewe si unafanya kazi huko kwa pesa za simu? Niambie basi, pesa zangu zimelala wapi."

Kumbe karani hakuwa anadanganya. Sistimu kweli ilionyesha amelipwa. Nitaeleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, kwa sababu ukilielewa hilo utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya kile wataalamu wanakiita hifadhidata, na utajua pia pa kushika siku yako ikifika.

Vitabu vitatu na mtu mmoja

Chama kile kilikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha kupokea maziwa: kila asubuhi, namba ya mwanachama na lita. Cha pili ni daftari la wanachama: jina, kitambulisho, kijiji, namba ya simu. Cha tatu ni orodha ya malipo, ambayo ilikuwa kwa kompyuta, imechapwa na kijana fulani zamani kwa kunakili lile daftari.

Katikati ya hayo mjomba alipoteza simu stendi ya Eldoret. Badala ya kurudisha laini yake ya zamani, akanunua mpya. Foleni ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali. Akarudi nyumbani, na kwa uaminifu wake akaenda kumwambia karani: namba yangu imebadilika. Karani naye kwa uaminifu wake akatoa kalamu, akakata namba ya zamani kwenye daftari la wanachama na kuandika mpya juu yake. Kazi imekwisha, wote wawili wameridhika.

Lakini orodha ya kompyuta haikuguswa. Hakuna aliyekumbuka kwamba namba ile ile iko mahali pawili. Na kwa kuwa malipo bado yalikuwa ya noti, kosa hilo lilikaa kimya kama mchwa ndani ya mlango. Siku chama kilipobofya kitufe cha kulipa wote kwa simu, pesa za mjomba zilienda kwa namba ya zamani. Na namba ile, ikiwa imelala muda mrefu bila kutumika, ilikuwa imekwisha kuuzwa tena. Alikuwa nayo kijana mmoja wa Kisii ambaye hajawahi kukamua ng'ombe wa mtu yeyote Ziwa.

Kwa hivyo ukiuliza, nani alikosea? Mjomba alisema. Karani aliandika. Kompyuta ilifanya ilichoambiwa. Simu ilipeleka pesa kwa namba iliyopewa. Kila mmoja ana ushahidi wake, na bado mtoto yuko nyumbani bila karo.

Kosa liko kwa mpango wenyewe. Jambo moja, yaani namba ya simu ya mtu mmoja, lilikuwa limeandikwa sehemu mbili, na hakuna kitu kilichozilazimisha hizo sehemu mbili kukubaliana. Hifadhidata ilibuniwa kuzuia jambo hilo. Watu wengi hudhani hifadhidata ni kompyuta yenye orodha ndefu. Hapana. Orodha ndefu kwa kompyuta ni daftari tu ambalo halilowi mvua. Hifadhidata ni orodha zilizopangwa ili kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, na wengine wote wanaolihitaji waje kulisoma pale pale.

Wazo la mwaka 1970

Mtu aliyeliweka wazo hili sawasawa anaitwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California. Mwaka 1970 alichapisha makala akisema kumbukumbu ziwekwe kwa majedwali. Jedwali ni kitu unachokijua: mistari na safu, kama daftari la ajenti. Kila mstari ni mtu mmoja au tukio moja. Kila safu ni aina moja ya habari: jina, namba, kiasi, tarehe. Kabla ya hapo, programu ililazimika kujua rekodi imekaa wapi hasa ndani ya mashine na ifuate njia gani kuifikia. Ni kama umtume mtoto dukani na kumwambia "sukari iko rafu ya tatu kutoka mlangoni, nyuma ya mafuta." Mwenye duka akipanga upya, mtoto anarudi na chumvi. Codd akasema: acha mtoto aseme tu anataka sukari, na duka lenyewe lijue imekaa wapi.

Halafu kuna ufunguo. Kila jedwali linahitaji safu moja ambayo hairudiwi kamwe, ili mstari mmoja usichanganywe na mwingine. Majina hayafai. Pita sokoni Ziwa uite "Kiprono" au "Wanjala" uone wangapi watageuka. Ndiyo maana chama kilimpa mjomba namba ya mwanachama. Ndiyo maana pia kila muamala wako wa simu una msimbo wake wa herufi na tarakimu ambao watu wengi huufuta bila kuusoma. Msimbo ule ndio ufunguo wa mstari wako. Ukitupigia simu na kusema "nilituma pesa jana jioni kwa mtu fulani," tutakusaidia, lakini tutahangaika. Ukitupa msimbo, tunaenda moja kwa moja.

Kama chama cha mjomba kingekuwa na hifadhidata ya kweli, jedwali la malipo halingekuwa na namba ya simu kabisa. Lingekuwa na namba ya mwanachama tu, na wakati wa kulipa, mashine ingeenda kwa jedwali la wanachama na kuuliza: mwanachama huyu, simu yake ni ipi leo? Karani angebadilisha mara moja, na kila mahali pangekuwa pamebadilika. Huo ndio muujiza wote. Si mkubwa, lakini ungeokoa shilingi 28,050.

Pesa hazikai katikati

Sasa tuje kwa jambo linalowahusu ninyi zaidi, kwa sababu huduma ya pesa kwa simu, ukiitoa rangi na matangazo, ni hifadhidata. Noti zenyewe hazitembei. Zimewekwa benki kwa amana, na zinazohama ni tarakimu kutoka mstari wako kwenda mstari wa mwenzako.

Tuseme unamtumia dada yako elfu moja. Mambo mawili lazima yatokee: mstari wako upungue elfu moja, na wake uongezeke elfu moja. Je, stima ikipotea katikati, baada ya kwako kupungua na kabla ya kwake kuongezeka? Elfu moja imeyeyuka. Ikigeuzwa, kwake kukaongezeka na kwako kusipungue, tumeunda pesa kutoka hewani, na Benki Kuu itatuita asubuhi.

Jibu la wataalamu ni kwamba mambo hayo mawili yafungwe pamoja kama mafahali wawili kwenye nira moja. Ama yote yatokee, ama lisitokee hata moja. Hakuna nusu. Kabla ya kugusa salio la mtu yeyote, mashine huandika kwanza pembeni kile inachotaka kufanya, kama mwenye duka mwangalifu anayeandika kwa daftari kabla ya kufungua droo ya pesa. Stima ikipotea na kurudi, mashine inasoma yale maandishi ya pembeni: lililokamilika linabaki, lililokatika katikati linafutwa kama halijawahi kuanza. Mmoja wa waliofanya kazi kubwa katika jambo hili ni Mmarekani Jim Gray, aliyepewa tuzo ya Turing mwaka 1998. Alipotea baharini tarehe 28 Januari 2007 akiwa peke yake kwa mashua yake karibu na San Francisco, na hakuonekana tena. Wiki tano baadaye, tarehe 6 Machi 2007, M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya. Sijui kama aliwahi kusikia habari zake, lakini kila ukituma pesa unapita kwenye njia ambayo yeye alisaidia kuichonga.

Na kuna jambo lingine la kushangaza kidogo. Kwa miaka minane ya kwanza seva za M-Pesa zilikuwa Ulaya. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa hivyo mtu wa Ziwa aliyemlipa jirani wa ng'ambo ya barabara kwa debe la viazi, rekodi yake ilikuwa inaenda Ulaya na kurudi kabla ya viazi kuingia kwenye gunia.

Kwa nini nakwambia haya yote? Kwa sababu ya makosa mawili tunayoyaona kila wiki.

La kwanza: mtu anatuma pesa, mtandao unakatika, meseji haiji. Anatuma tena. Halafu baada ya dakika kumi zinakuja meseji mbili. Pesa hazikukwama hewani. Muamala wa kwanza ulikuwa umekamilika, ni meseji tu iliyochelewa njiani. Rekodi na meseji ni vitu viwili tofauti. Rekodi ikikamilika, kazi imekwisha, hata kama simu yako iko kimya kama kaburi. Kwa hivyo kabla ya kutuma mara ya pili, angalia salio. Ikiwa limepungua, tulia.

La pili ni kinyume chake, na hili linaumiza zaidi. Mama mmoja muuza mahindi alinieleza jinsi alivyopoteza magunia matatu. Mnunuzi alikuja na lori, wakaelewana bei, akabofya simu, na kweli meseji ikaingia kwa simu ya mama: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hata salio lilikuwamo. Mama akaruhusu magunia yapakiwe. Jioni akienda kutoa pesa, hakuna. Meseji ilikuwa imetungwa na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Mama hakusoma imetoka wapi, na lile salio lililoandikwa halikulingana na salio lake la kweli.

Meseji ni barua tu. Mtu yeyote anaweza kuandika barua. Rekodi iko kwa hifadhidata, na mlango wako wa kuifikia ni menyu ya simu yako mwenyewe. Fungua, angalia salio, ndipo gunia lipande lori. Mnunuzi akikuharakisha, hiyo haraka yake yenyewe ni habari. Mnunuzi halali atangoja dakika mbili. Amengoja mahindi yakauke miezi mingapi?

Wanaotuandika

Huwezi kuishi Uasin Gishu leo bila kuwa mstari kwenye jedwali la mtu. Ukienda hospitali, uko kwa jedwali la wagonjwa. Sacco ina lako. Shule ya watoto ina lake. Ukikopa kwa simu na usilipe, jina lako linaingia kwa jedwali la wakopaji wabaya, na benki nyingine itakusoma huko kabla hujakaa kitini.

Mfano mkubwa kwa mkulima ni mbolea ya ruzuku. Mwaka 2023 serikali iliandikisha wakulima kwa kutumia machifu na wazee wa mitaa: jina, kitambulisho, namba ya simu, ekari, mazao. Kutoka kwa rekodi hizo, mkulima anapata meseji yenye vocha ya kuchukulia mbolea, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500. Zamani mtu mwenye lori na marafiki angeweza kumaliza ghala kabla mwenye ekari mbili hajafika. Sasa, angalau kwa mpango, mifuko inafuata ekari zilizoandikwa. Mimi nasema huo ni mpango bora kuliko wa barua na kujuana. Lakini angalia pale katikati: kila kitu kinapita kwa namba ya simu. Mkulima aliyebadilisha laini tangu aandikishwe, na hakusema, anangoja meseji ambayo italia kwenye simu ya mtu mwingine Aprili ikifika na mvua imeshanyesha.

Hapa ndipo nina maneno ya kusema, na baadhi yake yanatuhusu sisi wenyewe wa pesa za simu.

Tumefundisha nchi nzima kwamba namba ya simu ni mtu. Si kweli. Namba ya simu ni kitu ambacho mtu hukodi kwa muda. Inapotea, inaibiwa, inalala, inauzwa tena. Ukiifanya ufunguo wa jedwali la watu, umejenga nyumba kwa tope. Shirika lolote linalolipa watu kwa simu linafaa kuwa na namba yake ya mwanachama, na namba ya simu ibaki habari ya kawaida inayoweza kubadilika. Na kabla ya kulipa, jina linalorudi kutoka kwetu lilinganishwe na jina lililo kwa daftari. Katika kisa cha mjomba, ripoti ya malipo ilikuwa imeonyesha jina la mpokeaji, jina la ukoo wa Kisii wazi kabisa, kwenye mstari wa mzee wa Kikalenjin. Miezi miwili. Hakuna aliyesoma. Wakati wa kuambiana "sistimu inaonyesha ulilipwa," sistimu hiyo hiyo ilikuwa inaonyesha kwamba aliyelipwa ni mtu mwingine!

Kwa hivyo sipendi neno "sistimu" linavyotumika. Limekuwa pazia. Nyuma yake kuna mtu aliyechapa, mtu aliyesahau kuchapa, au mtu asiyetaka kuangalia. Mashine haimjui mjomba wangu. Inajua ilichoambiwa kuhusu mjomba wangu.

Kuna wazee wanaoniambia, basi si afadhali turudi kwa kitabu? Kitabu hakihitaji mtandao, na ukigombana na karani mnafungua ukurasa mnaona. Siwacheki. Kitabu kina heshima yake. Mama yangu alikuwa na duka dogo, na daftari lake la madeni lilimaliza ugomvi mwingi kuliko baraza la chifu. Lakini daftari lile lililowa mvua ya paa siku moja, na deni la mtaa mzima likageuka wino wa buluu. Wadeni wengine walikuja kulipa wenyewe. Wengine, hmm. Hifadhidata nzuri ina nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja, na inaandika pia ni nani alibadilisha nini na saa ngapi. Kalamu haikumbuki mkono ulioishika.

Na tukiongea vitabu, tuongee kile kitabu cha kwa ajenti. Umeenda kutoa pesa, unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Aliye nyuma yako kwenye foleni anasoma. Aliyekuja kabla yako umeshamsoma wewe. Mlaghai akitaka kukupigia simu akijua jina lako kamili, kitambulisho na kwamba jana ulitoa elfu nane, hahitaji kuvunja seva ya mtu. Anahitaji macho mazuri na dakika tano pale kaunta. Rekodi zile zile, zikiwa ndani ya hifadhidata, zinafungwa kwa ruhusa: mfanyakazi anaona anachohitaji tu, na kuangalia kwake kunaandikwa. Zikiwa kwa kitabu kilichofunguliwa mezani ni mali ya umma. Maoni yangu, na nimeyasema ofisini pia, ni kwamba ajenti afunike kurasa zilizopita kwa karatasi ngumu, na sisi kampuni za malipo tupunguze yale tunayomlazimisha mteja kuandika hadharani. Wenzangu wengine wanasema kitabu kinasaidia wakati wa uchunguzi. Sawa, kisaidie, lakini kimefunikwa.

Sizungumzi haya kama fadhila. Katiba ya 2010, Ibara ya 35, inasema kila mtu ana haki ya kusahihishwa au kufutwa kwa habari zisizo za kweli zinazomhusu na kumwathiri. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kuonyeshwa rekodi yako, kujua inatumiwa kwa kazi gani, na kudai kosa lirekebishwe. Kuna ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya kupeleka malalamiko ukipuuzwa. Wengi wetu tunaijua sheria hiyo kama kitu cha watu wa Nairobi wanaogombana na wenye programu za mikopo. Lakini inamhusu pia mzee wa lita kumi na mbili kwa siku.

Kwa hivyo ukiwa dirishani na ukaambiwa sistimu inasema hivi, usigeuke. Uliza kwa upole: naomba unisomee mstari wangu. Namba ya simu iliyoandikwa hapo ni ipi? Msimbo wa muamala ni upi? Jina la aliyepokea ni nani? Maswali matatu tu. Mjomba hakuuliza mara ya kwanza kwa sababu aliona haya. Kijana yule karani ni mtoto wa rafiki yake, na skrini ilikuwa imegeuzwa upande ule.

Na ukibadilisha laini, usimwambie mtu mmoja tu. Kaa chini na kikombe cha chai, uhesabu wote walio na namba yako ya zamani: sacco, benki, chama cha kina mama, shule, ushirika, uandikishaji wa mbolea, bima ya afya. Afadhali zaidi ni kurudisha laini ile ile kwa kitambulisho chako, hata foleni ikiwa ndefu. Mtu akiniuliza jambo moja la kufanya, ni hilo.

Tulirudi kwa kile chama na mjomba siku ya Jumatatu. Nilimwachia aongee yeye. Akaomba asomewe mstari wake. Karani akageuza skrini, akasoma namba, na kabla hajamaliza tarakimu ya mwisho mzee akasema, "Hiyo ndiyo iliyopotea Eldoret." Kijana akanyamaza. Akafungua ripoti ya malipo, akaona jina, akanyamaza zaidi. Kwa haki yake niseme, hakubishana. Aliita mwenyekiti.

Kijana wa Kisii alipigiwa simu. Alisema aliziona pesa, akafikiri ni za mtu aliyemkosea namba na atapiga. Hakuna aliyepiga, akatumia za mwezi wa kwanza. Za mwezi wa pili, 14,200, zilikuwa bado ziko, na akakubali zirudishwe. Zile 13,850 chama kilizilipa chenyewe baada ya mikutano miwili, kwa kuwa namba mpya ilikuwa imeandikwa kwa daftari lao na mkono wao wenyewe. Ile kalamu ya karani juu ya namba iliyokatwa ndiyo iliyomshindia mjomba.

Binti alikuwa amekosa shule wiki tatu. Chama sasa kina jedwali moja la wanachama, na siku ya malipo wanabandika orodha ya namba za wanachama ukutani, tarakimu tatu za mwisho za simu tu, ili kila mtu aangalie kabla kitufe hakijabofywa. Mjomba huenda kuangalia kila mwezi. Anasema anapitia tu akienda kununua chumvi ya ng'ombe.